Mgongo Kwanza, Mzigo Baadaye

Nzega, mkoani Tabora, si nchi ya farasi. Siku ya mnada utaona ng'ombe wa kila rangi, mbuzi, kondoo wa mikia minene na punda waliofungwa mikokoteni, lakini farasi hutamwona, na watoto wengi wa hapa wamemjua kwenye picha tu. Waliojaribu kumleta bara walikuwapo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Wote wawili walifia Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani. Mwaka 1916, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, Jenerali Jaap van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi. Farasi wao wakafa kwa mamia. Ndorobo hueneza nagana, na usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kumwangusha mnyama mwenye nguvu zake ndani ya siku chache. Mapori ya miombo ya Tabora yalikuwa na ndorobo wa kutosha kumaliza kikosi kizima.

Nimeanza na farasi kwa makusudi. Hakuna mnyama wa kazi ambaye matayarisho ya mwili wake yameandikwa kwa muda mrefu zaidi. Karne ya nne kabla ya Kristo, Xenophon, askari wa Kiyunani, aliandika kitabu kizima juu ya kumtunza na kumpanda farasi, na humo akashauri ua wa farasi utandazwe mawe ya mviringo ili kwato zikomae mnyama akiwa amesimama tu nyumbani. Kabla ya safari, kabla ya vita, ukwato uwe tayari. Hadi leo wakufunzi wengi makini wa farasi hushikilia neno moja: mwili wa mnyama hujengwa angali mtupu, mtu akitembea kwa miguu ubavuni mwake au nyuma yake, na matandiko huja baadaye. Naamini hilo ndilo linalokosekana katika kazi ya maksai na punda wetu, na katika sura hii nataka kulieleza kwa kina, kuanzia mifupani.

Farasi, ng'ombe na punda hawana mtulinga. Sisi binadamu tunao, nao hulishikanisha bega na kifua. Wanyama hawa wote watatu, kiwiliwili chao kimening'inizwa katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tupu, kama mgonjwa aliyelazwa kwenye machela kati ya wabebaji wawili. Farasi aliyesimama tu hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Misuli inayoshika kifua ikilegea, kifua hushuka kati ya mabega, shingo huinuka, mgongo hubonyea, na kila hatua hupiga kwenye viungo vya miguu ya mbele. Sasa mpandishe mtu mgongoni. Mtu huyo anakaa katikati kabisa, mahali ambapo chini yake hakuna mguu wowote.

Kinachomwinua mpandaji ni misuli ya tumbo, inayovuta mbavu na uti wa mgongo juu kutoka chini, ikisaidiana na misuli ya kifua. Watu wengi hudhani ni misuli mirefu ya mgongo, ile unayoiona pande mbili za uti. Misuli hiyo kazi yake ni kumpeleka mnyama mbele, kukaza na kulegea hatua kwa hatua. Ukiilazimisha ishike mzigo bila kulegea, damu haipiti vizuri, nayo hukakamaa, huuma, mwishowe hunyauka. Hapo ndipo unapomwona farasi mwenye bonde nyuma ya mabega, anayeuma watu wakati wa kutandikwa, na mwenyewe anasema mnyama ana tabia mbaya.

Jambo la pili ni muda. Misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano huhitaji miezi. Mifupa huchelewa zaidi, na uti wa mgongo wa farasi ndio wa mwisho kukomaa, baada ya umri wa miaka 5. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari sana ambacho macho hayakioni: mnyama ameshajaa kifua na mapaja, anavuta kwa hamu, mwenye mnyama anafurahi na kuongeza uzito, kumbe kano za miguu bado ni za ndama. Kano ikichanika, ikapona, haitakuwa ile ya mwanzo.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Farasi huongozwa kwa kamba, mwendo wa kawaida wa kutembea, njia iliyonyooka, muda mfupi kwanza kisha mrefu. Baadaye hupandishwa kilima taratibu, kwa sababu mlimani miguu ya nyuma husukuma na tumbo hukaza. Huvushwa juu ya magogo membamba yaliyolazwa chini, ili anyanyue miguu na kuinamisha kichwa. Hurudishwa nyuma hatua chache, zoezi dogo linaloamsha misuli ya tumbo na mapaja. Huzungushwa kwa kamba ndefu kwenye duara pana, pande zote mbili sawasawa. Duara finyu huumiza viungo, na anayemzungusha mtoto wa farasi mbio mbio kwenye duara finyu anamharibu huku akidhani anamfunza. Mwishoni mtu huenda nyuma na kumwendesha kwa kamba mbili ndefu, kana kwamba anavuta kitu. Siku za kupumzika zimo ndani ya ratiba, kwa kuwa msuli hukua mnyama akiwa amepumzika na ameshiba.

Barabara ya misafara iliyopita katika nchi hii iliyajua haya yote, ila iliyajua kwa mwili wa binadamu. Msafiri Mwingereza Speke alipoondoka Tabora Julai 1858 kwenda kaskazini kulitafuta ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria, alipita katika nchi hizi zetu, na vitu vyake vilibebwa mabegani na vichwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na wabeba pembe za ndovu walibeba zaidi ya hapo. Wanyamwezi hawakuanza na mzigo huo. Wageni waliosafiri nao wameandika juu ya watoto wa kiume waliofuatana na wakubwa wakiwa na vijipembe vidogo begani, kila safari uzito ukiongezeka kidogo. Mpagazi aliyefika Bagamoyo na pembe nzito alikuwa ameanza kuibeba tangu utotoni. Naona hii ni elimu ya mwili ya hali ya juu, na inanisikitisha kwamba tunaisimulia kama habari ya mateso peke yake. Mateso yalikuwapo, na ufundi ulikuwapo.

Ufundi huo haukupewa wanyama walioletwa kuchukua nafasi ya wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Carter. Wanyama waliotoka melini hivi karibuni, katika nchi ngeni na malisho mageni, walipakiwa mizigo na kuanzishwa safari ya kwenda Ziwa Tanganyika. Aliyefika Karema ni mmoja tu. Punda nao waliletwa kutoka pwani, na wengi wakafa. Ndorobo waliua wengi, nami sitaki msomaji adhani kwamba mazoezi yangewaponya nagana. Lakini mnyama aliyechoka na kukonda huchukuliwa na ugonjwa kwanza, na hilo kila mfugaji wa Nzega analijua bila kuambiwa na kitabu.

Nzega ilijaliwa mbuga za wazi kuliko kusini mwa Tabora kwenye miombo mizito, na ndiyo maana ng'ombe walistawi hapa. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea Usukumani na Unyamwezi pamoja na kilimo cha pamba, likamkuta ng'ombe wetu mwenye nundu, mdogo, mvumilivu, mwenye kilo 300 hivi akiwa maksai mzima. Tangu hapo yeye ndiye farasi wetu. Tazama basi anavyoanzishwa kazi mara nyingi: mvua ya kwanza imenyesha, jirani ameshaanza kulima, dume ambaye jana alikuwa machungani anakamatwa, anafungwa nira na mwenzake mkubwa, plau inazamishwa ardhini, na vijana watatu wanaanza kupiga kelele na fimbo. Akilala chini, anapigwa. Akiinuka na kuvuta, watu wanasema ameshajua kazi.

Piga hesabu. Maksai anaweza kuvuta kwa saa kadhaa, bila kuumia, nguvu iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wa kilo 300 atavuta kilo 30. Jozi itavuta 60. Plau ya kupindua udongo, ikiingia kwenye mfinyanzi wa mbuga ambao haujalowa vizuri, hudai kilo 100 na zaidi. Ndiyo sababu wakulima wengi hufunga jozi mbili, na wanafanya vema. Dume ambaye hajawahi kuvuta kitu, aliyetoka kwenye kiangazi akiwa na mbavu zinazohesabika, hawezi kufikia hata hiyo sehemu moja ya kumi. Anavuta kwa kano na kwa hofu.

Njia ya kumtayarisha ni ileile ya farasi, ikibadilishwa ili imfae mnyama wa nira. Chagua madume wawili wa umri wa miaka 2 hadi 3, wa kimo kimoja na hatua moja, waliohasiwa mapema kiasi cha kidonda kupona kabisa kabla ya mazoezi. Wiki ya kwanza ni ya kamba tu: kufungwa, kuguswa mwili mzima, kushikwa miguu, kuongozwa kwenda kunywa maji na kurudi. Mtu mmoja, sauti moja, majina yao yaleyale. Wengi hapa huwapa maksai majina, na ni desturi nzuri, kwa kuwa ng'ombe hujifunza jina lake upesi, na hilo humwezesha mlimaji kumhimiza mmoja bila kumpiga mwenzake.

Kisha nira tupu. Watembee nayo bila kuvuta kitu, asubuhi, kwenye njia pana, hadi wapatane hatua. Hapo angalia nira yenyewe kwa karibu. Pitisha kiganja upande wa chini, pale inapokaa mbele ya nundu. Ukihisi fundo, ukingo au alama ya shoka, mnyama ataihisi mara elfu. Ilainishwe kwa kipande cha chupa hadi iteleze, iwe pana vya kutosha kutawanya mgandamizo, na vijiti vyake visimkabe koo. Ngozi ya shingo huhitaji kukomaa kama kwato za farasi wa Xenophon. Ikivimba au nywele zikitoka, pumzisha siku kadhaa. Usiendelee kwa matumaini kwamba itazoea.

Baada ya nira tupu ndipo linakuja gogo, na hapa ndipo misuli inapojengwa. Anza na gogo jepesi ambalo kijana mmoja anaweza kuliburuta. Njia iwe ya kichanga kigumu, tambarare. Nusu saa inatosha. Wasikilize wanavyohema: wakihema mdomo wazi, ulimi nje, umezidisha, simamisha hapohapo. Siku chache baadaye ongeza muda, na muda ukishazoeleka ndipo uongeze uzito. Usiongeze vyote viwili kwa wakati mmoja. Wapandishe mwinuko mdogo na gogo lao. Wafundishe kusimama na kuanza tena, maana kuanza kuvuta kitu kilichosimama ndiko kunakodai nguvu kubwa kuliko kuendelea nacho. Wafundishe kurudi nyuma. Mkondo mkavu wa mto wenye mchanga, kama ule wa upande wa Mto Manonga, ni uwanja mzuri sana wa kujenga mapaja, lakini mchanga mwororo huchosha kano, kwa hiyo mwanzoni uwe wa dakika chache tu.

Mwezi mmoja ukipita, maksai hubadilika umbo. Simama nyuma yake uyatazame mapaja: kile kibonde kando ya mkia kimeanza kujaa. Simama ubavuni: tumbo halining'inii kama zamani, na mstari wa mgongo kutoka nundu hadi kiuno umenyooka. Mguse mbele ya bega wakati anavuta, utahisi msuli ukikaza na kuachia kwa mpigo, kushoto, kulia. Ukiukuta umekakamaa moja kwa moja, bila kuachia, kuna mahali panauma. Endelea hivyo kwa miezi miwili au mitatu, ili kano zipate muda wake, na plau ya kwanza iingie kwenye udongo mwepesi wa juu kabla ya kumpeleka mbugani.

Punda ana habari yake, na mara nyingi husahauliwa kwa kuwa halalamiki. Kwenye vijiji vingi vya Nzega na Igunga yeye ndiye anayeleta maji kiangazi, naye huanzishwa akiwa mdogo sana. Hana nundu, kwa hiyo nira ya ng'ombe haimfai kabisa. Huteleza na kukandamiza mifupa ya shingo. Afungwe mkanda mpana wa kifuani na mto laini mgongoni. Punda wa kilo 150 aliye na afya abebe kilo 40 au 50 mgongoni, na hizo zigawanywe sawa pande mbili. Asianze kubeba kabla ya miaka 4. Kabla ya hapo aongozwe mtupu kwenye njia ileile ya kisimani, afuatane na mama yake, avuke makorongo, apande vilima, ajenge tumbo na kifua.

Kwa punda jicho hudanganyika kirahisi. Mafuta yake hukaa juu ya shingo, nayo yakijaa watu husema ana nguvu. Weka kiganja bapa nyuma ya mabega, pale matandiko yanapokaa, ubonyeze kwa upole. Ukikuta uti umejitokeza na pande zake ni mashimo, hana misuli ya kubebea, hata shingo yake iwe nene namna gani. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi katika bara zima. Idadi ya punda waliobaki itategemea pia namna tunavyowatumia hawa tulio nao.

Limebaki suala la chakula, ambalo ndilo gumu kuliko yote katika nchi yenye kiangazi kirefu. Msuli haujengwi na mazoezi matupu. Mnyama anayefanyishwa mazoezi Septemba akila nyasi kavu peke yake ataula mwili wake mwenyewe. Lakini Nzega haina sababu ya kufika huko. Majani ya karanga yakivunwa na kuanikwa kivulini ni chakula kizuri sana, na kila mwaka yanaachwa shambani yaungue na jua. Yapo majani ya viazi, pumba za mpunga na za mahindi, na mashudu ya pamba kwa anayeweza kununua. Juu ya hayo zipo ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma na Wanyamwezi huyafunga wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua ngitili nyingi zilizokuwa zimekufa, na ushahidi wake unaonekana hadi leo kwa anayepita barabarani. Kona moja ya ngitili itengwe kwa ajili ya maksai wanaofunzwa, wasigombee na kundi zima. Maji wapewe kabla ya kazi na baada ya kupoa, na chumvi isikosekane.

Najua hoja itakayotolewa: muda uko wapi? Upo, na uko mahali pake. Kuanzia Julai, mavuno yakiwa yameingia ghalani, vijana wengi hawana kazi ya shamba hadi mvua za kwanza za Novemba. Asubuhi moja ya kuongoza madume na gogo haizidi saa moja, kabla ndama hawajapelekwa machungani. Maksai aliyejengwa hivyo, akiwa na nira laini na chakula cha kiangazi, hulima miaka mingi, na akizeeka bado ana uzito wa kuuzwa mnadani. Aliyekamatwa siku ya mvua ya kwanza huuzwa mapema, shingo ina donda, mguu unachechemea, na anayemnunua hulijua hilo kwa kumtazama tu.

Kwa hiyo ewe unayesoma haya ukiwa na madume wawili zizini, usiisubiri mvua. Kata gogo jepesi mwezi wa nane, lainisha nira, anika majani ya karanga, na uwaanzishe taratibu.